Ukiiuliza simu kuhusu maradhi, ieleze yote

Msomaji, hebu tuanze kwa mfano. Mtoto wa miaka mitano amerudi nyumbani kwao Kitale baada ya kukaa na nyanya yake Bungoma wakati wa likizo. Shule zimefunguliwa, na siku kumi na mbili baada ya kurudi mtoto anaamka usiku wa manane mwili ukiwa moto. Analia kwamba kichwa kinamuuma na chakula cha jioni hakukigusa. Mama yake anachukua simu, anafungua programu ya akili unde na kuandika: "Mtoto wangu ana homa. Nifanye nini?"

Jibu linakuja kabla hajavuta pumzi mara mbili. Huenda likamwambia kwamba watoto wengi hupata joto kwa sababu ya mafua na kwamba ampunguzie nguo, ampe maji kidogo kidogo, ampe dawa ya kuteremsha joto, na akiona hapati nafuu baada ya siku mbili au tatu ampeleke kwa daktari. Mama anashusha pumzi, anamfunika mtoto shuka nyepesi na kurudi kulala.

Ukilisoma jibu hilo hutapata neno la uongo. Hata hivyo, jibu hilo laweza kumuua mtoto yule.

Kwa nini? Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kuna baridi, na malaria huja kwa milipuko ya hapa na pale, kwa hivyo wakazi wengi hawana kinga iliyozoea ugonjwa huo. Teremka kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, na utakuwa umeshuka kama mita 500. Huko mbu wa malaria wamo karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi mwa Kenya zilizoanza kupokea chanjo ya malaria kwa watoto mwaka 2019. Mtu aking'atwa na mbu mwenye vimelea, dalili aghalabu hujitokeza baada ya siku saba au zaidi. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba malaria ya aina iliyo kali zaidi yaweza kumfikisha mgonjwa katika hali mahututi, hata kifo, katika muda wa saa 24.

Mama hakutaja safari ya Bungoma. Kama angaliongeza mstari mmoja tu, "alikuwa Bungoma kwa mwezi mzima, amerudi siku kumi na mbili zilizopita", mashine ingalikuwa na sababu ya kumwambia jambo tofauti kabisa: mpeleke akapimwe damu, tena usingoje siku mbili.

Mashine haikuoni

Wengi wetu siku hizi, kabla ya kupiga foleni katika zahanati, huiuliza simu kwanza. Wengine huficha jambo hilo kama kwamba ni aibu. Si aibu. Kuuliza si ujinga. Shida iko katika namna tunavyouliza.

Ukienda kwa tabibu, hata kabla hujaketi amekwisha kukutazama. Ameona unavyotembea, rangi ya macho yako, na jinsi unavyopumua. Kisha anaanza: Ulianza kuugua lini? Umekunywa dawa gani? Je, una mimba? Umesafiri? Wengine hukasirishwa na maswali hayo na kudhani daktari anawachimba. La hasha. Sehemu kubwa ya kutambua ugonjwa iko katika maswali hayo.

Programu za akili unde, kama vile ChatGPT iliyotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, hazina macho ya kukukagua unapoziandikia maneno matupu. Zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, na hupanga jibu kwa kukisia maneno yanayofaa kufuata yale uliyoandika. Ukiandika machache, zitajaza pengo kwa lile lililo la kawaida katika maandishi ziliyosomeshwa. Maandishi hayo mengi ni ya Kiingereza, kutoka nchi ambako mtoto mwenye joto mwilini kwa kawaida hafikiriwi kuwa na malaria.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilipima jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 2025. Waliwapa watu 1,298 nchini Uingereza visa vya wagonjwa vilivyoandikwa na madaktari, wakawataka waseme mgonjwa ana nini na afanye nini. Programu zilipopewa visa hivyo zenyewe, zilitambua ugonjwa unaohusika karibu mara 95 katika kila 100. Lakini watu wa kawaida walipozitumia programu hizo hizo kutafuta jibu, walifaulu chini ya mara 35 katika kila 100. Hawakuwashinda wenzao waliotumia njia zao za kawaida.

Soma tarakimu hizo tena, msomaji. Ujuzi ulikuwamo ndani ya mashine. Ulipotea njiani, baina ya mtu na simu yake. Moja ya sababu ambazo watafiti walizitaja ni kwamba watu walieleza nusu ya habari.

Maneno yetu na mitego yake

Sisi tunaouliza kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada, kwa sababu maneno yetu ya ugonjwa hubeba mizigo miwili mitatu kwa pamoja.

Chukua neno "homa". Kwa mmoja ni joto la mwili. Kwa mwingine ni mafua ya kupiga chafya. Kwa wa tatu ni malaria yenyewe. Usiandike homa peke yake. Andika: "Mwili wake una joto, nimempima kwa kipimajoto nikapata nyuzi 39", au kama huna kipimajoto, "nimemgusa tumboni na mgongoni, ana joto kuliko kawaida, na anatetemeka."

"Presha" nayo je? Watu husema "nina presha" wakimaanisha shinikizo la damu lililopanda, lililoshuka, au wasiwasi tu wa mambo ya nyumbani. Andika tarakimu mbili ulizosomewa kwenye kliniki. "Kifua kinaniuma" huweza kuwa kikohozi, kiungulia au moyo. Sema ni mahali gani, kunauma namna gani, na kama maumivu yanaelekea mkononi au kwenye taya. "Tumbo" nalo ni kubwa: juu ya kitovu, chini yake, kulia au kushoto?

Mtoto "anayeendesha" kila mama wa huku kwetu atamwelewa. Mashine huenda ikadhani anaendesha gari. Andika "anahara", kisha utaje ni mara ngapi tangu asubuhi na kama kuna damu.

Na kuna saa zetu. Ukiandika kwamba ulimpa mtoto dawa "saa tisa usiku", Mswahili anajua ni saa tatu baada ya usiku wa manane kugonga. Mashine iliyozoea saa za Kizungu yaweza kuielewa kuwa ni saa tatu za usiku, na tofauti hiyo ni ya saa sita nzima. Kwa dawa, saa sita si mchezo. Njia salama ni kuhesabu: "Nimempa dawa saa nne zilizopita."

Mambo sita ya kuandika

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, hakikisha umeandika mambo haya sita.

Kwanza, mgonjwa ni nani: umri, uzito, mume au mke. Kwa mtoto mchanga taja miezi au hata majuma. Uzito utaupata katika kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto. Ikiwa ni mwanamke, sema kama ana mimba au ananyonyesha. Usilidharau hilo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalapril, hazimfai mwanamke mwenye mimba, na mashine haiwezi kujua una mimba usipoiambia.

Pili, anaugua nini, kwa maneno ya yale unayoyaona na kuyasikia.

Tatu, tangu lini, na hali inaendeleaje: inapungua, imesimama au inazidi.

Nne, umekwisha kufanya nini. Taja kila dawa, ikiwamo ile ya dukani na ile ya mitishamba uliyoletewa na shangazi. Taja pia magonjwa ya zamani na dawa zinazomdhuru mgonjwa.

Tano, mko wapi na mmetoka wapi. Mfano wa Kitale na Bungoma umekwisha kutuonyesha sababu. Taja pia kama nyumbani au jirani kuna mwingine mwenye dalili hizo hizo.

Sita, unataka nini hasa. Hili ndilo husahaulika zaidi. "Nisaidie" ni ombi lisilo na mlango. Uliza jambo linaloweza kutendwa: Je, naweza kungoja hadi asubuhi? Ni dalili zipi zikitokea niondoke mara moja? Nimwulize tabibu nini?

Sasa tumrudie mama yule wa Kitale. Angaliandika hivi: "Mtoto wangu ni mvulana wa miaka mitano, kilo 17. Tuko Kitale, Kenya. Alikaa Bungoma mwezi mzima, amerudi siku kumi na mbili zilizopita. Tangu jioni ana joto jingi, kichwa kinamuuma, amekataa chakula lakini anakunywa maji. Hajatapika wala hajapata degedege. Hajapewa dawa yoyote. Kabla ya kujibu, niulize lolote unalohitaji kujua. Kisha uniambie kama ni lazima apelekwe hospitalini usiku huu, na dalili za hatari ni zipi."

Ona maneno yale: "Kabla ya kujibu, niulize." Programu nyingi hukimbilia kujibu. Ukiziamuru ziulize kwanza, huanza kufanana kidogo na tabibu. Zikikuuliza, zijibu kwa ukweli na ukamilifu, hata kama swali linakuaibisha. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Usiitie maneno mdomoni

Kosa jingine ni kuitajia mashine ugonjwa badala ya dalili. Mtu anaandika: "Nina taifodi, ninywe dawa gani?" Nani amemwambia ni taifodi? Labda ni jirani aliyewahi kuugua hivyo mwaka jana. Programu hizi zina tabia ya kukubaliana na mwulizaji. Ukizipa taifodi zitakupa habari za taifodi, na lile lililokuwa likikusumbua kweli litabaki limejificha. Eleza dalili, kisha uliza: "Mambo gani matatu au manne yaweza kusababisha haya, na yanatofautishwa kwa vipimo gani?"

Kuna kisa kilichosimuliwa katika jarida moja la madaktari nchini Marekani mwaka 2025. Mwanamume wa miaka 60 alikuwa amesoma juu ya madhara ya chumvi, akataka kuondoa kloridi katika chakula chake. Baada ya kushauriana na ChatGPT akaanza kutumia bromidi ya sodiamu badala ya chumvi ya mezani. Aliitumia kwa muda wa miezi mitatu. Alipofika hospitalini alikuwa akidai kwamba jirani yake anamtilia sumu, na baada ya kulazwa akaanza kuona na kusikia mambo yasiyokuwapo. Ilikuwa ni sumu ya bromidi, ugonjwa ambao madaktari wa leo huukuta kwa nadra sana.

Madaktari wale hawakuyaona mazungumzo yake na mashine. Walipoiuliza wenyewe kitu gani chaweza kuchukua nafasi ya kloridi, ilitaja bromidi miongoni mwa majibu yake, na haikuwauliza wanataka kuitumia kwa kazi gani. Bromidi yaweza kufaa katika kazi nyingine, si katika sufuria ya mboga. Kwa hivyo, kila unapouliza juu ya kitu cha kula, kunywa au kupaka, sema waziwazi kwamba ni cha kutumiwa mwilini, na mtumiaji ni nani.

Dozi muulize mtu

Liko jambo moja ambalo tunakusihi usiliachie simu: kiasi cha dawa. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake na kwa nguvu ya dawa iliyo ndani ya chupa. Chupa mbili za dawa ile ile ya maji zaweza kuwa na nguvu tofauti, moja mara mbili ya nyingine. Na neno "kijiko" laweza kuwa kile cha chai au kile cha mezani. Soma kibandiko, kisha umwulize mfamasia, muuguzi au tabibu.

Wala usiitumie simu kuchagua dawa ya malaria bila kipimo cha damu. Kipimo cha haraka cha tone moja la damu hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa. Waulizie pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba hadi nyumba na mikoba yao, ambao serikali ilizindua mpango wao mpya mwaka 2023. Katika maeneo yenye malaria nyingi baadhi yao hubeba vipimo hivyo.

Siri zako

Mara nyingine tunapoeleza yote huwa tunapitisha mpaka. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa miongoni mwa habari nyeti. Usiwe wewe wa kwanza kuitupa njiani. Mashine inahitaji umri, uzito na dalili. Haihitaji jina la mgonjwa, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu wala picha ya cheti chenye jina. Ukipiga picha ya matokeo ya maabara, funika jina kwanza. Na ukiazima simu ya mtu, kumbuka kwamba mazungumzo yako hubaki humo usipoyafuta.

Mashine kando ya tabibu

Je, ina maana kwamba tuzitupe programu hizi? Hapana. Mwaka 2025 matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki za Penda Health, Nairobi na viunga vyake, yalitangazwa. Katika ziara 39,849 za wagonjwa, matabibu waliosaidiwa na programu ya akili unde walifanya makosa machache kuliko wenzao: makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Lakini tazama jinsi ilivyotumiwa. Mgonjwa alikuwa ameketi mbele ya tabibu, tabibu ndiye aliyemwuliza na kumpima, na uamuzi ulibaki wake. Mashine ilimtahadharisha tu.

Shirika la Jacaranda Health nalo, ambalo huwawezesha akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga kuuliza maswali kwa ujumbe mfupi wa simu, lilitoa mwaka 2023 programu ya UlizaLlama iliyofundishwa Kiswahili. Katika huduma yao, swali lenye dalili ya hatari hupelekwa kwa binadamu.

Nawe unaweza kufuata njia hiyo hiyo nyumbani. Ukimaliza mazungumzo, iambie programu: "Yafupishe haya yote kwa mistari kumi ili nimsomee tabibu." Uende na ufupisho huo katika zahanati ya mtaa, au katika hospitali ya rufaa ya Kitale au ya Bungoma. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni atakushukuru, nawe hutasahau jambo.

Usipoteze muda kuandika

Ziko hali ambazo hazingoji swali lililoandikwa vizuri. Weka simu chini uondoke mara moja ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, au anapumua kwa shida. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto jingi asingojewe kamwe. Ondoka pia ikiwa mwenye mimba anatokwa na damu, anaumwa kichwa vikali huku macho yakififia, au hamsikii mtoto akicheza. Vivyo hivyo kwa mtu mzima aliyebanwa na kifua ghafla, au ambaye uso umepinda, mkono umelegea na maneno hayatoki sawasawa.

Msomaji, jioni ya leo, wakati kila mtu nyumbani ni mzima, chukua karatasi. Andika umri na uzito wa kila mtoto, dawa anazotumia kila mtu, na zile zinazomdhuru. Andika na nambari ya simu ya mwenye bodaboda au teksi anayekubali kuitwa usiku. Ibandike karatasi hiyo nyuma ya mlango. Usiku wa manane, mtoto akiwa moto mikononi mwako, akili hutawanyika na hata uzito wa mwanao waweza kuusahau. Karatasi itakukumbusha. Na kama katika siku zilizopita alikuwa safarini, hata kama ni kwa nyanya yake tu, liandike hilo kwanza.